Leso za Kumlilia Mheshimiwa

Nchi ya Stahili ipo. Mtu asihangaike kuitafuta kwenye ramani; wenyewe wanaijua, na majirani zao wana yao inayofanana nayo. Ni nchi iliyojaliwa mvua ya kutosha, mihogo ya kutosha, na waheshimiwa zaidi ya kutosha. Kila uchaguzi unapokaribia, serikali ya Stahili hutaka kujua wananchi wanafikiri nini, ili isije ikashtuka mbele ya wageni.

Mwaka huo ilituma watu wake wakakusanye maoni ya wananchi kuhusu pensheni za wanasiasa. Wakapita sokoni, kwenye foleni za maji, kwenye vijiwe vya kahawa. Maoni yalipofika wizarani, katibu muhtasi aliyepewa kazi ya kuyapiga chapa aliomba ruhusa akanawe uso. Muuza dagaa mmoja aliulizwa anamtakia nini mbunge wake anayestaafu, akatema mate. Mkusanya maoni, ambaye alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, akaandika: "Ametema mate." Jibu hilo ndilo lililoongoza nchi nzima.

Waziri wa Stahiki za Viongozi akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi, tumewasikia," alisema. "Mmesema kiongozi asilipwe kwa sababu tu alikaa kwenye kiti. Serikali yenu sikivu imekubali. Kuanzia leo, kiongozi anayestaafu atalipwa kulingana na uchungu mtakaouona ninyi kwa kuondoka kwake. Mkimlilia sana, atalipwa sana. Mkimlilia kiasi, atalipwa kiasi. Pensheni za viongozi sasa ziko machoni mwenu."

Mwandishi mmoja wa habari akauliza itakuwaje kwa asiyeliliwa kabisa.

"Hilo," alisema Waziri, "sheria haikulitarajia."

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Majonzi, na kutoka kwenye sheria hiyo ikazaliwa Tume ya Kupima Majonzi, na kutoka kwenye Tume yakazaliwa magari mapya. Tume iliagiza leso nyeupe za pamba, nene, kubwa kama taulo la mtoto, kwa kuwa serikali ilikuwa na matumaini makubwa. Leso hupimwa ikiwa kavu kwenye mizani ya bucha, hupewa mwananchi, mwananchi hulia, leso hupimwa tena. Kinachozidi ndiyo majonzi. Bunge lilikesha likijadili suala la kamasi, likaamua kamasi nazo zihesabiwe, kwa kuwa hakuna anayetoa kamasi kwa furaha. Jasho lilikataliwa. Kitunguu kilipigwa marufuku, na kila Afisa Majonzi alipelekwa nje ya nchi kujifunza kunusa leso. Kanuni moja ndiyo ambayo afisa hakuruhusiwa kuivunja hata kwa bahati mbaya: asimwulize mwananchi kwa nini analia. Waziri alieleza kwamba kuuliza hivyo ni kuingilia uhuru wa mtu.

*

Mama Stamili wa Kata ya Magugu alizisikia habari hizo redioni akiwa anachambua mchele.

"Hawa watu hawaoni hata kinyaa," alisema, akaitoa pumba, akaendelea na mchele.

Hakuwa mtu wa kukaa na hasira. Alikuwa mwenyekiti wa Tuzikane, kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana, na kazi hiyo haimwachii mtu nafasi ya kununa. Mtu akifariki Magugu, ni Tuzikane wanaoleta mikeka, masufuria na turubai. Ni wao wanaotoa makochi nje, wanaopika, wanaoosha vyombo. Na ni wao wanaolia, kwanza wakiwa njiani ili wafiwa wajue kwamba wanakuja, kisha mlangoni, kisha ndani kwa zamu, ili mfiwa asibaki analia peke yake hata dakika moja. Hakuna aliyewahi kuzikwa Magugu kwa ukimya.

Siku zile akili ya Mama Stamili haikuwa kwenye pensheni ya mtu. Ilikuwa kwenye tumbo la mwanawe. Stamili alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limekwisha kushuka, na zahanati ya Magugu haikuwa na kitanda cha kuzalishia.

Iliwahi kuwa nacho. Kilikuwa kitanda cha chuma, kizito, upande wa kichwa unainuka ukizungusha mkono wa pembeni, na kilinunuliwa kwa fedha zilizokatwa kwenye korosho za wana-Magugu wenyewe. Mbunge wao, Mheshimiwa Lukindo, alikuja kukizindua. Alikata utepe, akatoa hotuba, kisha akakilalia kidogo mbele ya kamera ili wananchi waone kwamba ni imara. Mkunga akazungusha mkono, kichwa kikainuka, na Mheshimiwa akafumba macho.

"Kinaujua mgongo wangu," alisema.

Mgongo wa Mheshimiwa ulikuwa umechoka kwa kukaa bungeni. Kitanda kikaazimwa kwa muda, kikapakiwa kwenye gari lilelile lililoleta utepe. Muda huo ulikuwa haujaisha.

Tangu hapo wanawake wa Magugu walijifungulia kwenye benchi la wagonjwa wanaosubiri. Ni benchi jembamba. Mke wa Saburi, fundi wa baiskeli, aliteleza kwenye benchi hilo uchungu ulipomzidi. Yeye alipona. Mtoto alizikwa na Tuzikane, na siku hiyo Mama Stamili aliosha masufuria yote peke yake, nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakuweza kukaa ndani na wenzake.

"Utanipokelea mwanangu wapi?" Mama Stamili alimwuliza mkunga, Sista Adelina, walipokwenda kliniki.

"Unapopajua, mama."

"Pale?"

"Nimeomba godoro, nikaletewa kalenda yenye picha ya Mheshimiwa. Unataka nikuambie nini?"

Stamili alilitazama benchi, akajishika tumbo, akasema kwamba yeye atajifungulia shambani, bora majani. Mama yake akamwambia anyamaze, avae viatu, waende nyumbani.

*

Wiki hiyohiyo Bwana Peresi, katibu wa Mheshimiwa, alikuja Magugu. Aliwakuta Tuzikane wamekaa kwa Mama Stamili wanashona turubai lao. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, na kutoka kwenye gari mpaka kwenye mkeka alikuwa amekwisha kukanyaga kinyesi cha mbuzi.

"Hamjambo, kina mama wapiga kura."

"Hatujambo, viatu," alisema Bi Chausiku, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kikundini, msibani na pasipo msiba.

Bwana Peresi alicheka kikazi. Akaeleza kwamba Mheshimiwa Lukindo ameamua, baada ya kutafakari sana, kustaafu kabla ya uchaguzi, na kwamba Sherehe ya Kuagwa itafanyika nyumbani kwake. Afisa Majonzi atakuwepo na mizani. Mheshimiwa anawaamini wana-Magugu wake, lakini angependa zaidi watu wenye uzoefu. Kila mama atapata kanga, mchele na soda.

"Mnataka tumlilie," alisema Mama Stamili.

"Mheshimiwa angependa mguswe."

"Akiwa hai."

"Kabisa. Ana afya njema."

"Hilo nalo ni la kusikitisha," alisema Bi Chausiku. "Andika hilo."

Mama Stamili aliweka sindano chini. "Sikiliza, baba. Kanga ninazo. Mchele ninao. Kitanda cha zahanati kiko wapi?"

Bwana Peresi alilisafisha koo. Kitanda, alisema, kimo kwenye taratibu.

"Kimo kwenye chumba chake cha kulala. Nakuuliza kwa sababu nina mtoto anayekaribia kujifungua. Kileteni leo, kesho tunakuja kulia mpaka mtuombe tunyamaze."

"Leo haiwezekani, mama yangu. Kanuni inataka anayestaafu alale kimya mbele ya wananchi wakati wa majonzi, ili wapate picha ya maisha bila yeye. Na Mheshimiwa halali vizuri kwingine."

"Basi baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe," alisema Bwana Peresi, haraka kama mtu anayeitikia amina kwa dua ambayo hakuisikiliza.

Alipoondoka, wanawake walimgeukia mwenyekiti wao.

"Unamwamini yule?" aliuliza Bi Chausiku.

"Hata kidogo."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Kitanda kiko ndani ya nyumba ambayo hatujawahi kufunguliwa geti lake," alisema Mama Stamili. "Siku hiyo watatufungulia. Mengine tutayaona hukohuko."

*

Tuzikane hawajui kufanya msiba nusu. Asubuhi ya Sherehe ya Kuagwa waliingia kwa Mheshimiwa Lukindo na mikeka na masufuria, wakayatoa makochi yake nje, wakaigeuzia televisheni ukutani, wakawasha moto kwenye bustani. Kata nzima ilikuwa nyuma yao. Bwana Peresi alijaribu kueleza kwamba ilitosha kukaa kwenye viti na kulia kistaarabu. Akapewa karoti amenye.

Katikati ya sebule, juu ya kitanda cha kuzalishia, alilala Mheshimiwa mwenyewe amevaa suti, kichwa kimeinuliwa ili aweze kuwaona wanaomlilia. Alikuwa amenenepa tangu walipomwona mara ya mwisho, yaani tangu uchaguzi uliopita.

Afisa Majonzi, Bwana Tegemeo, mtu mwembamba mwenye pua iliyosomeshwa kwa gharama kubwa, alisimama kando ya mizani yake akasoma kanuni. Kuanzia sasa mpaka leso ya mwisho itakapopimwa, anayestaafu asitamke neno. Akitamka, itachukuliwa kwamba hajaondoka; na ambaye hajaondoka hawezi kuliliwa; na asiyeliliwa hana pensheni. Taratibu za huzuni za wenyeji zitaheshimiwa. Kitunguu hakiruhusiwi.

Leso zikagawiwa. Kisha Bwana Peresi akasoma wasifu.

"Mheshimiwa Lukindo alizaliwa akiwa mdogo, akakua kwa juhudi zake mwenyewe. Alizunguka nchi nyingi kwenda kutazama maji yanavyotoka bombani, na kila aliporudi aliwathibitishia wananchi wake kwamba yanatoka. Bungeni alichangia kwa uzito, hususan siku ile alipoomba dirisha lifungwe. Alilala mara chache sana akiwa nyumbani."

Akatulia, akawapa nafasi. Hakuna aliyelia.

Bi Chausiku alianza kwa sauti, kama ilivyo kazi yake, na wengine wakaitikia, lakini ilikuwa sauti tupu. Macho yalikuwa makavu kama chumvi. Bwana Tegemeo alipita kati ya mikeka akitazama leso, akatingisha kichwa.

"Chausiku," Mama Stamili alinong'ona, "umepatwa na nini?"

"Hayaji. Mimi nimemlilia mke mwenzangu. Nimemlilia mtu aliyeniibia mbuzi. Huyu hayaji."

"Fikiria kitu kinachouma."

"Namfikiria yeye."

"Halafu?"

"Nakaribia kutapika. Silii."

"Kichefuchefu hakipimwi, mama," alisema Bwana Tegemeo kwa upole, akapita.

Juu ya kitanda, Mheshimiwa alianza kuwatazama kwa wasiwasi. Jicho lake lilimtafuta Bwana Peresi. Bwana Peresi akamtafuta Mzee Kondo, ambaye ndiye msemaji wa misiba yote ya Magugu, akamsukuma mbele aseme neno la kugusa.

Mzee Kondo alikuwa amesimama mbele ya misiba maisha yake yote. Aliona mikeka, akaona masufuria, akaona mtu amelala kimya. Akavua kofia, na mdomo wake ukafanya kazi uliyoizoea.

"Ndugu wafiwa na majirani," alisema, "mwenzetu alikuwa binadamu, na aliishi na watu. Kabla hatujamtoa, kama kuna yeyote anayemdai marehemu, ajitokeze sasa hivi tumalizane naye, apate kupumzika akiwa mwepesi."

Alipofika mwisho ndipo alipotambua amesema nini. Akaivaa kofia yake taratibu.

Magugu hakuna maneno mazito kuliko hayo. Yakishasemwa, mwili hautoki mpaka kila mwenye dai amesikilizwa, na kitu cha mtu kilichokutwa ndani ya nyumba ya marehemu hurudishwa palepale, mbele ya watu wote. Hata wezi huheshimu.

Mama Stamili alisimama, akakunja leso yake kavu, akaifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Mimi namdai marehemu," alisema. "Namdai hicho kitanda alicholalia. Ni cha zahanati yetu."

Mheshimiwa Lukindo alifungua mdomo. Bwana Tegemeo akaelekeza pua upande wake, na kalamu. Mdomo ukafungwa.

"Hili halipo kwenye ratiba," alisema Bwana Peresi, akiwa bado na karoti mkononi. "Afisa, zuia hili."

Bwana Tegemeo alifungua kitabu chake cha kanuni. "Taratibu za huzuni za wenyeji zitaheshimiwa," alisoma. "Huu ni utaratibu wa wenyeji?"

"Tangu babu," alisema Mzee Kondo, ambaye sasa alikuwa ameanza kuipenda siku yake.

"Endeleeni."

Wanaume wanne walimwinua Mheshimiwa kwa adabu zote anazostahili maiti, wakamlaza kwenye mkeka. Mishipa ilimsimama shingoni. Macho yake yalisema mambo mengi sana, lakini macho hayamo kwenye kanuni. Mtu huyu, aliyeweza kuongea saa nzima kuhusu kisima ambacho hakukichimba, alilala kimya kama kigogo, akiishika pensheni yake kwa meno.

Baada ya hapo wadai wengine hawakuhitaji kuitwa. Mwalimu mkuu alidai mabati ya darasa, yaliyokuwa juu ya banda la mbwa. Wa ofisi ya kata wakadai mlango wao, wakaukuta jikoni. Mwanamke mmoja alidai pampu ya kisima, na watu wakaifuata sauti ya maji hadi bustanini, wakaikuta inarusha maji juu ya samaki wa plastiki. Vitu vilitoka kimoja kimoja vikipita juu ya mwenye nyumba. Watu walianza kucheka, kicheko kile kibaya kisichokuwa na furaha ndani yake.

Kisha Saburi, fundi wa baiskeli, akasimama.

Alikuwa na grisi mikononi, kama siku zote. Hakumtazama Mheshimiwa. Alikitazama kitanda, ambacho sasa kilikuwa kitupu katikati ya sebule, upande wa kichwa bado umeinuliwa.

"Na mimi namdai," alisema.

"Namdai," alisema tena. Akasogea, akaushika ule mkono wa pembeni, akauzungusha kidogo, kichwa cha kitanda kikashuka bila kelele. "Kumbe kinafanya kazi vizuri," alisema. "Sasa hivi angekuwa anakwenda shule."

Akarudi kwenye mkeka, akakaa.

Bi Chausiku ndiye aliyeanza, na safari hii haikuwa kazi. Mkewe Saburi alijifunika kanga yote, mabega yakitikisika. Wanawake waliojifungulia kwenye benchi walilia, na waliozika walilia zaidi, na wanaume waliosimama nje dirishani wakiwa wameshika pampu na mabati wakageuzia nyuso ukutani. Kilio kilipanda kikajaza nyumba ile hadi vioo vikatetemeka. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na leso mkononi, nyeupe, nene, ya pamba nzuri, kila mmoja alijifuta nayo.

Mama Stamili naye alikuwa analia. Alikuwa ameishika leso usoni alipomwona Bwana Tegemeo akitabasamu.

"Kanga," aliwaambia walio karibu naye. "Jifuteni kwa kanga zenu. Jamani, wekeni chini hizo leso."

Hakuna aliyemsikia. Bwana Tegemeo alikuwa amekwisha kuanza kukusanya. Alizinusa moja moja. Alizitupia kwenye mizani ya bucha, na mshale ukaenda upande wa kulia, ukaendelea kwenda.

"Afisa," Mama Stamili alimwambia, "hawamlilii yeye. Wanalilia aliyoyafanya. Andika hivyo."

"Mama," alisema Bwana Tegemeo, na ilionekana anasikitika kweli, "mimi siruhusiwi kuuliza sababu."

Mama Stamili alimtazama, akamtazama mtu aliye kwenye mkeka, ambaye sasa alikuwa amefumba macho kwa utulivu mkubwa, mikono juu ya tumbo. Akakumbuka alichofuata.

"Saburi," alisema. "Shika mguu wa mbele. Tunatoka sasa hivi, kabla huyu hajaruhusiwa kusema."

Walikifunika kitanda kwa kanga, wakakiinua mabegani, wakatoka nacho. Jeneza la Magugu halikai kwenye mabega ya watu walewale. Kila anayekutana nalo huingia, hubeba hatua chache, humpisha mwingine. Siku hiyo hata wanawake waliweka mabega. Walinzi wa geti waliona msafara unaolia kwa uchungu wa kweli, umebeba kitu kirefu kilichofunikwa, wakavua kofia, wakafungua. Barabarani trafiki alisimamisha malori, akapiga saluti. Kitanda kilipita mkono kwa mkono kama mtu aliyependwa, na hakikugusa ardhi mpaka kilipofika zahanati, ambako Sista Adelina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni.

"Kinanuka manukato," alisema.

"Sugua," alisema Mama Stamili.

Nyuma kule sebuleni, Bwana Tegemeo alipima leso ya mwisho akatangaza matokeo. Mheshimiwa Lukindo alikuwa amepata Daraja la Juu, Huzuni ya Kitaifa, ambalo halijawahi kufikiwa na yeyote. Atalipwa kwa ukamilifu, yeye na wategemezi wake, maisha yote. Mheshimiwa aliinuka kwenye mkeka akiushika mgongo, na neno lake la kwanza kama mstaafu likawa hili:

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Kimeondoka na msiba, Mheshimiwa," alisema Bwana Peresi.

*

Stamili alijifungua siku chache baadaye, salama, kichwa chake kimeinuliwa vizuri. Alizaa mtoto wa kike mwenye sauti ambayo Bi Chausiku aliisifia mwenyewe.

Uchaguzi ulipofika, jina la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la Mheshimiwa Lukindo. Watu wa nchi nyingine wangeshangaa, lakini sheria ya Stahili iko wazi: pensheni ni kwa uchovu uliopita, haimzuii mtu kuchoka upya. Alikuja Magugu na vipaza sauti vikubwa. Alipopanda jukwaani aliwakuta Tuzikane wamekaa chini kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, kanga vichwani.

"Ndugu zangu wa Magugu," alianza, na wanawake wakaanza kulia.

Akanyamaza. Wakanyamaza. Akafungua mdomo, wakalia.

"Huyu tulishamzika," Mzee Kondo aliwaeleza polisi waliokuja kuuliza. "Tulimaliza naye kila kitu. Anayeongea hapo simjui."

Mheshimiwa alishindwa vibaya. Mbunge mpya alikuja zahanati kutoa shukrani, akaoneshwa kitanda, akakitazama kwa muda, mkono wake ukaenda wenyewe mgongoni. Sista Adelina akamtoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo.

Ingekuwa vyema hadithi ikaishia hapo, lakini Stahili ni nchi inayojali. Bunge jipya lilipokaa, jambo lake la kwanza lilikuwa kuwafariji walioshindwa. Likaundwa fungu la Mafao ya Mshtuko, juu ya pensheni, kwa kila aliyeshindwa bila kutarajia. Kipimo kilikuwa kilekile. Ila safari hii, ili kuwapunguzia wananchi usumbufu, kila kaya iliachiwa furushi la leso walie nyumbani kwao, kwa nafasi, na Tume ingepita kukusanya.

Bwana Tegemeo alifika kwa Mama Stamili asubuhi, na mizani yake begani. Alimkuta uani, mjukuu mgongoni, beseni miguuni.

"Shikamoo, mama. Nimefuata zile leso za Mheshimiwa Lukindo."

"Marahaba. Karibu kigoda."

"Mmepata nafasi ya kulia?" aliuliza Bwana Tegemeo, akiitua mizani chini.

"Hatujalala," alisema Mama Stamili. "Usiku kucha ni hivyo hivyo."

Akainama, akazitoa leso kwenye beseni moja baada ya nyingine. Zilikuwa hazijafuliwa. Zilikuwa leso nzuri sana. Nepi za dukani hazinyonyi hivyo. Alimpa zote, furushi zima, mikononi.

Bwana Tegemeo aliipeleka ya kwanza puani, kama alivyofundishwa. Alikaa nayo hapo kitambo kidogo. Macho yakamjaa maji.

"Si kitunguu," alisema hatimaye.

"Si kitunguu, baba."

"Mama, hii ni nini?"

Mama Stamili alimpandisha mjukuu vizuri mgongoni, akafunga mbeleko, akamsogezea mizani kwa mguu.

"Ni maoni ya mwananchi," alisema. "Pima."

Bwana Tegemeo alikifungua kitabu chake, akatafuta, akakifunga. Kisha, kwa kuwa kanuni hazikumruhusu kuuliza zaidi, akapima.